DX10, 3x Osc na Sytrus, au Serum, Vital na Omnisphere? Ulinganisho kwa prodyuza mwenye laptop ya kawaida

"Kaka, una Serum?" Kijana aliyekuja kutengeneza biti kwangu aliniuliza hivyo hata kiti hakijapata joto. Nikamwambia kwenye mashine hii haipo. Akachomoa fulashi mfukoni: "Usijali, ninayo hapa, pamoja na nyingine kibao." Nikamwomba airudishe kwanza ilikotoka. Nikafungua FL Studio, programu ninayotengenezea muziki, nikaita Fruity DX10, mojawapo ya ala zake za ndani, nikabonyeza noti moja ya chini. Akageuka haraka. "Hiyo log drum umeitoa kwenye pakiti gani?"

Haikutoka kwenye pakiti yoyote. Ilikuwa humo tangu yeye yuko chekechea.

Ulinganisho huu umezaliwa na maswali kama lile. Sikusudii kumkataza mtu asinunue kitu kipya. Vipya ninavitumia, na kuna mahali vinashinda bila ubishi, nitapasema. Ila naona vijana wanabeba gunia la plagini (ala za kidijitali zinazochomekwa kwenye programu ya muziki, kama hiyo Serum) wasizozihitaji huku wakipita juu ya zile walizonazo tayari.

Nani anashindana na nani

Upande mmoja kuna sintesaiza za zamani zinazokuja ndani ya programu ya kutengenezea muziki: 3x Osc, Fruity DX10 na Sytrus za FL Studio. Upande wa pili kuna zile zinazonunuliwa au kupakuliwa peke yake, ambazo kila video ya mafunzo inazitaja: Serum ya Xfer Records iliyotoka mwaka 2014, Vital ya Matt Tytel ya mwaka 2020, na Omnisphere ya Spectrasonics ya mwaka 2008. FL nimeiweka mbele kwa sababu ndiyo ninayoikuta karibu kila studio ya mtaani ninayoingia hapa Dar. Watu wa Logic, Reason na Ableton, programu nyingine za aina hiyo, nitawafikia baadaye, kwa ufupi.

Zote hizi kazi yake ni moja: kuzalisha wimbi (osileta), kulichuja (filta), kisha kulipa umbo la kuanza, kushuka na kuisha (envelopu). Spika haijui plagini ina miaka mingapi. Kwa hiyo sitalinganisha kwa mwonekano wala kwa wingi wa priseti, yaani sauti zilizopangwa tayari. Nitachukua kazi moja moja tunazozifanya huku kwetu, nione nani anaimaliza vizuri.

Log drum: DX10 dhidi ya Serum

Hapa ndipo penye ushahidi mzito kuliko kwingine kote. Amapiano imetoka Afrika Kusini ikazunguka dunia, na kuanzia miaka ya 2020 imeingia kwenye Bongo Fleva kwa kishindo. Uti wake wa mgongo ni ile bezi inayogonga kama gogo. Sauti hiyo haikutengenezwa kwa kifaa cha mamilioni. Ni priseti iitwayo Log Drum iliyomo ndani ya Fruity DX10, na prodyuza anayetajwa sana kwa kuigeuza kuwa bezi ya amapiano ni MDU aka TRP. DX10 yenyewe imejengwa juu ya kazi ya Paul Kellett wa Maxim Digital Audio, mtu aliyekuwa akigawa plagini zake bure. Priseti ile ilikaa kwenye orodha miaka mingi bila mtu kuijali, mpaka akatokea aliyeishusha okteva na kuipa nafasi ya mbele kwenye wimbo.

Kwa nini inagonga vile? Njia yake ni ileile aliyoigundua John Chowning pale chuo kikuu cha Stanford mwishoni mwa miaka ya 1960, ambayo Yamaha waliiweka kwenye kinanda cha DX7 mwaka 1983. Kuna wimbi linalosikika, na kuna wimbi jingine ambalo lenyewe halisikiki. Kazi ya hilo la pili ni kulitikisa la kwanza kwa kasi kubwa mpaka libadilike rangi. Mtikisiko ukiwa mwingi, sauti inakuwa kali kama chuma. Ukipungua, linabaki wimbi tupu la mviringo, laini, lenye uzito wa chini. DX7 ilikuwa na mawimbi 6 ya kupangana kwa mitindo 32. DX10 ina wimbi moja linalosikika na mawili ya kulitikisa, basi.

Jaribu mwenyewe bila kugusa priseti. Weka mwanzo wa sauti uwe sifuri, yaani ianze papo hapo, na mshuko wake uwe wa wastani. Nenda kwenye mtikisaji wa kwanza: uwiano wake uwe mdogo, kiasi chake cha kuanzia kiwe kati na kati, muda wake wa kufifia uwe mfupi sana, na kile kinachobaki baada ya kufifia kiwe sifuri. Mtikisaji wa pili mzime. Sasa piga noti ya okteva za chini. Utasikia "ko" ya ghafla, kisha "mmm" inayoondoka polepole. Ile "ko" ni mtikisiko uliokuja ukatoweka, na ile "mmm" ni wimbi lililobaki peke yake. Ongeza muda wa kufifia kidogo tu na gogo linageuka kuwa kengele. Ongeza tena, linakuwa bati. Nobu moja, ala tatu.

Serum inaweza? Inaweza, na nimefanya. Unaweka wimbi la mviringo kwenye osileta A, unaiambia itikiswe na B, unachukua envelopu ya pili unaiburuta mpaka kwenye kiasi cha mtikisiko, kisha unazima sauti ya B isisikike. Inatoka, na ukiziba macho huenda usitofautishe. Tatizo ni kwamba ukifika hapo umeshaona milango mingine mingi: mawimbi ya ziada, nakala za kunenepesha sauti, rafu nzima ya efekti chini. Mimi najijua. Nikiingia Serum kutafuta bezi, naweza kutoka na sauti nzuri ya mwanzo wa filamu na bezi bado sina.

Halafu kuna jambo la noti za kuteleza. Kwenye piano roll ya FL, dirisha la kuchorea noti, unaweza kuchora noti inayoiburuta nyingine kutoka sauti moja kwenda nyingine, mtelezo ambao log drum inaupenda mno. Noti hizo zinafanya kazi na baadhi ya ala za FL zenyewe, kama 3x Osc, Sytrus na Sampler (ile inayopiga faili la sauti), si kila moja. Ukizichora juu ya Serum hazifanyi kitu. Ndiyo maana wengi huitoa noti moja ya log drum kama faili la WAV, wakairudisha kwenye Sampler na kuitelezesha humo. Ni dakika moja ya kazi.

Hapa namchagua DX10. Serum nitamfungua nikitaka log drum inayonguruma na kubadilika rangi ndani ya noti ileile, kwa sababu hapo DX10 hana la kufanya.

Singeli: hapa kasi ndiyo inaamua

Piga hesabu kidogo. Amapiano inatembea karibu na mapigo 113 kwa dakika, kwa hiyo pigo moja lina zaidi ya nusu sekunde, na sauti ina nafasi ya kuvuta pumzi. Singeli inavuka mapigo 200 bila kuuliza. Kwenye mapigo 240 kwa dakika, pigo moja ni robo sekunde, na ukiligawa mara nne kila kipande kina kama milisekunde 62 tu. Sauti yenye mkia wa milisekunde 300 haijamaliza kusema neno lake wakati pigo linalofuata limeshamkanyaga.

Sasa fikiria priseti nyingi za Serum au Omnisphere. Waliozitengeneza walitaka uzinunue baada ya kubonyeza noti moja, kwa hiyo zimejaa mwangwi, upana, na mawimbi yanayofunguka taratibu kama ua. Peke yake zinapendeza. Ukiziweka kwenye singeli zinakuwa uji. Utatumia nusu saa kuzivua nguo: zima rivebu, zima dilei, fupisha mkia, punguza nakala. Ukimaliza kuvua, unabaki na kitu kinachofanana sana na 3x Osc.

3x Osc inaanzia hapo hapo. Osileta tatu, kila moja inachagua umbo: mviringo, pembetatu, mraba, msumeno, kelele, au sampo yako mwenyewe. Haina efekti hata moja. Filta na envelopu zake zinakaa kwenye mipangilio ya chaneli, zilezile za Sampler. Zima osileta mbili, bakiza wimbi la mviringo, kisha washa envelopu ya pichi ianze juu na kuanguka haraka: una kiki, ile ngoma nzito ya chini. Fanya anguko liwe refu kidogo na upandishe noti: una ngoma ya kujibu. Washa mraba mbili zilizopishana kidogo sana kwa pichi, fupisha kila kitu: una ile filimbi ya kukera inayoendesha biti nzima. Ala tatu kutoka kwenye plagini moja, na mashine haijatoa jasho.

Studio kama Sisso za hapa Dar, ambazo muziki wake ulitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017 ukasikika mpaka Ulaya, hazikusubiri vifaa vya kifahari. Ukisikiliza singeli vizuri utasikia hata ule mkwaruzo wa kidijitali ambao wahandisi wa sauti hukesha wakiuondoa. Kwa singeli mkwaruzo ni chumvi.

Kinanda cha taarab ya kisasa: Sytrus dhidi ya Omnisphere

Hapa ushindi unagawanyika. Vikundi kama East African Melody na Jahazi vilikifanya kinanda cha umeme kuwa kiongozi wa taarab ya kisasa. Kuna siku mteja anataka ile sauti ya ogani iliyobanana, inayojaza nyuma ya mwimbaji.

Sytrus ina waendeshaji sauti sita, yaani mawimbi ya kutikisa au kutikiswa, na jedwali la miraba linaloonyesha nani anamtikisa nani. Watu wanaliona jedwali hilo wanafunga dirisha. Mimi nilikuwa mmoja wao. Siri yake ni kwamba si lazima ulitumie. Wape wote sita wimbi la mviringo, usimtikise yeyote, kisha wape uwiano wa 0.5, 1, 1.5, 2, 3 na 4, kila mmoja na kiasi chake cha sauti. Hiyo ndiyo kanuni ya ogani za zamani zenye vifimbo vya kuvuta. Sasa unaivuta ogani yako mwenyewe: ongeza 3 kidogo kwa ukali, shusha 0.5 bezi ikianza kugombana nayo. Weka mtetemo wa taratibu, na hakuna mtu atakayekuuliza umeitoa wapi.

Lakini mteja akitaka kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, au fidla, Sytrus haisogei. Ina uwezo wa kuiga uzi uliopigwa, na ukiichezea unapata kitu kinachokumbusha kanuni kwa mbali, kama mtu anayeiga lafudhi ya Unguja baada ya kukaa wiki moja Forodhani. Omnisphere imejengwa juu ya rekodi za kweli, kwa hiyo ikitoa uzi unasikia mbao na kidole. Kwa kazi za aina hiyo inashinda mbali. Bora zaidi ni kumlipa mpiga fidla saa moja na kipaza sauti kimoja, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Pale vipya vinaposhinda waziwazi

Ukitaka sauti inayohama yenyewe, inaanza kama mluzi, inakuwa kwaya, inaishia kama injini, hiyo ni kazi ya Serum na Vital. Zinahifadhi safu ndefu ya maumbo ya wimbi na kukuruhusu utembee kati yake wakati noti inalia. 3x Osc haina kabisa. Sytrus inaweza kukaribia kwa jasho jingi.

Ushindi wa pili ni wa macho. Vital inakuonyesha wimbi likicheza, filta ikifunguka, na alama ndogo ikitembea kila mahali unapounganisha kitu na kitu. Anayeanza leo atajifunza upesi zaidi hapo kuliko kwenye kidirisha cha DX10 chenye nobu ndogo zisizoeleza lolote. Mwanafunzi akinijia hajui envelopu ni nini, namfungulia Vital, tena toleo la bure. Injini yake ni ileile ya wanaolipa. Wanaolipa wanapata priseti na mawimbi mengi zaidi. Kwa hiyo hoja ya bei haimgusi Vital hata kidogo, na anayekwambia kizuri cha kisasa lazima kiwe ghali hajapita huko.

Uzito, bando na fedha

Chukua kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, tuseme nne. Serum ikiwa na osileta mbili, kila moja imewekewa nakala saba za kunenepesha, mashine inazalisha mawimbi 56 kwa wakati mmoja kabla ya filta na efekti. 3x Osc kwa kodi hiyohiyo inazalisha 12. Kwenye kompyuta ya maana hakuna atakayejali. Kwenye laptop yenye RAM ya GB 4, feni inalia kama bodaboda mlimani, huo ndio mpaka kati ya kuendelea kutunga na kukaa unangoja sauti iache kukatika. Wepesi huo unazaa na mtindo wake: badala ya sauti moja nene, ninaweka 3x Osc nne, moja ya chini kabisa, moja ya kati, moja ya kelele ya mwanzo tu, moja ya juu inayoingia kwenye kiitikio. Kila moja ina chaneli yake, kwa hiyo naikata na kuipandisha ninavyotaka kwenye miksi.

Bando nalo si dogo. Maktaba ya Omnisphere 2 inazidi GB 60. Nani ananunua bando hilo kwa ajili ya kinanda? Na ukishaipakua inataka diski ya kukaa. Toleo hilo liliuzwa dola 499. Serum ya kwanza ilikuwa dola 189, na iliwezekana kuilipia kidogo kidogo kila mwezi mpaka iwe yako, utaratibu ninaousifu. FL Studio unalipa mara moja na matoleo yote yanayofuata unapewa, ndivyo Image-Line wa Ubelgiji walivyoamua. Toleo la chini kabisa lina 3x Osc. Kwa Sytrus angalia orodha ya toleo unalonunua kabla hujalipa.

Sasa, kuhusu ile fulashi. Miaka ya nyuma nami nilikuwa na yangu. Nilitengeneza biti nzima kwa plagini moja ya kuvunjwa, kinanda kikuu chote kilikuwa humo. Siku ya kurekodi sauti tukaenda studio nyingine yenye kipaza sauti kizuri, msanii amekuja na watu wake, soda zimenunuliwa. Nikafungua projekti: ngoma zipo, bezi ipo, kinanda kimya. Dirisha linasema plagini haipo. Kuiweka pale ilikuwa ni kuzima antivairasi ya mashine ya mtu, na mwenye studio akakataa, kwa haki yake. Msanii akaimba juu ya ngoma na bezi, akitafuta ufunguo hewani. Bezi ile ilikuwa 3x Osc. Ilifunguka bila kuombwa.

| | Kazi inayomfaa | Anapokwama | Mzigo kwa mashine |
|---|---|---|---|
| Fruity DX10 | log drum, kengele, bezi ya kugonga | sauti za kuhama. Kidirisha kidogo | mwepesi sana |
| 3x Osc | kiki, bezi, filimbi za singeli | hana efekti, hana mawimbi ya kuhama | mwepesi sana |
| Sytrus | ogani, piano za umeme, metali | inatisha mwanzoni | wa kati |
| Vital | kujifunza, pedi (sauti ndefu za nyuma) za kuhama | mashine dhaifu | mzito |
| Serum | sauti za kisasa za kuhama, bezi za kunguruma | anayesahau alichokuja kutafuta | mzito |
| Omnisphere | ala zenye rekodi za kweli | bando, diski, mfuko | mzito, hasa kwenye RAM |

Je, itafunguka baada ya miaka kumi?

Swali hili vijana hawaulizi, wenye mvi wanaliuliza kila siku, hasa msanii anaporudi kudai toleo jipya la wimbo wa zamani. Kwa ujumla ala ya ndani inazeeka pamoja na programu yake, kwa hiyo projekti inafunguka. Subtractor ya Reason ilitoka na toleo la kwanza mwaka 2000 pale Stockholm, na bado imo kwenye Reason ya leo.

Lakini nisiwadanganye kwamba ya ndani ni salama siku zote. Mwaka 2002 Apple waliinunua Emagic, waliokuwa wakitengeneza Logic, na waliokuwa wakiitumia kwenye Windows wakaachwa stendi na mabegi yao. Upande wa pili, Alchemy ya Camel Audio ilikuwa plagini ya kujitegemea yenye wapenzi wengi. Apple wakaichukua mwaka 2015, ikaingia ndani ya Logic, na ukiwa nje ya vifaa vya Apple huinunui tena. Ya nje ikawa ya ndani. Kwa hiyo kila wimbo ukikamilika, toa kila chaneli kama WAV na uihifadhi sehemu mbili, bila kujali umetumia nini.

Na ala ya ndani haihami nyumba. Ukishirikiana na prodyuza wa Nairobi anayetumia Logic, Sytrus yako hataifungua. Serum mkiwa nayo wote wawili itafunguka kwake na kwako, na priseti mnatumiana kwa WhatsApp. Kwa wanaofanya kazi kwa kushirikiana mbalimbali, hoja hii peke yake inaweza kumaliza mjadala.

Kama hutumii FL

Kwenye Logic, kabla ya kukimbilia kununua, fungua ES2. Imetoka enzi za Emagic, ina osileta tatu, filta mbili na mistari ya kuunganisha chochote na chochote, na inafanya bezi na nyuzi za miaka ya 2000 kama imezaliwa nazo. Inazo na safu za maumbo ya kidijitali za kutembelea, kwa hiyo hata sehemu ya kazi ya Serum inaigusa. Kwenye Reason, Malström ya mwaka 2002 bado haina pacha: inakata sauti iliyorekodiwa kuwa punje na kuzitembelea kama wimbi. Kwenye Ableton ni Operator, mwenye waendeshaji wanne, ndugu wa DX10 aliyesoma zaidi. Angalizo ni kwamba Operator anakuja na toleo la Suite, ambalo ndilo la bei ya juu.

Basi uchukue nini?

Una laptop ya GB 4 na unafanya singeli, amapiano au Bongo Fleva ya kuchezeka: kaa na DX10 na 3x Osc, usipakue kitu mwezi mzima. Unafanya muziki wa filamu, injili yenye pedi kubwa, au unataka sauti za kuhama: weka Vital leo, ni bure, halafu uamue kama Serum inakupa kitu ambacho Vital imekunyima. Unaishi kwa kazi za matangazo na wateja wanataka ala za kweli kesho asubuhi: Omnisphere italipa gharama yake, lakini nunua diski kwanza. Unashirikiana na watu wa programu nyingine: nendeni na Vital wote. Sytrus ni ya mwenye subira. Ukimpa wikiendi mbili atakulipa, ukimpa dakika kumi atakuudhi.

Biti ya yule kijana ilikamilika usiku huo. Log drum ni DX10, kiki na bezi ya chini ni 3x Osc, na pedi ya mwanzo ni Vital, kwa sababu alitaka kitu kinachofunguka kama pazia na hapo sikubishana naye. Hiyo Vital tuliipakua kwa bando lake. Fulashi aliisahau mezani kwangu, na mpaka leo hajaja kuichukua.